Kwa Nini Mwindaji wa Marekani Anamlimia Kulungu Shamba, na Kwa Nini Kumaliza Koyoti Hakumsaidii

Kuna shimo la YouTube niliingia saa nane usiku na sijatoka hadi leo. Unajua zile video za mzee wa Marekani amevaa nguo za rangi ya majani, ako juu ya trekta, analima? Analima vipoa kabisa. Anapima udongo, anamwaga chokaa, anapanda klova na oti. Unangoja kuona ng'ombe. Hakuna ng'ombe. Hilo shamba lote ni la kulungu wa msituni, na Novemba ikifika mzee atapanda juu ya mti na bunduki, amngoje huyo huyo kulungu aje kumanga, amdunge risasi.

Mara ya kwanza nilisema hawa watu wamechoka na pesa. Msee, unalisha mnyama mwaka mzima ndio umuue? Lakini baada ya video kama 40 nikaona kuna akili nyingi hapo, na hata chakula si ndio swali gumu. Swali gumu ni hili: utafanya nini na wanyama wengine wanaokula kulungu wako kabla yako?

Tuelewane kwanza. Nikisema kulungu hapa simaanishi yule wetu wa msitu wa Aberdare. Namaanisha yule wa Bambi, mwenye mkia mweupe chini. Huyo si swala hata kidogo. Pembe zake hudondoka kila mwaka na kumea upya, na ni dume tu ndiye anazo, isipokuwa jike mmoja mmoja wa kushangaza. Kenya hatuna wa aina hiyo.

Na huyo mnyama si wa mzee wa trekta. Hapa ndio wengi hupotea. Shamba ni lake, lakini kulungu ni mali ya umma, anasimamiwa na serikali ya jimbo. Jimbo ndilo linasema msimu unafunguliwa lini, vibali ni vingapi, dume ngapi, jike ngapi. Mwenye shamba ana kitu kimoja tu: mlango. Anaamua nani ataingia. Ndiyo maana kule Texas, ambako zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi, kukodisha shamba kwa wawindaji ni biashara mzito. Kuna rancha ambako kulungu anasaidia kulipa bili ng'ombe akishindwa. Kisha tangu 1937 kuna sheria inayokata ushuru wa asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, na hiyo doh inarudi kwa majimbo kutunza wanyamapori. Sisi tulichukua njia tofauti kabisa, uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977 na bado ni marufuku. Sitaki tubishane nani ako sawa, hiyo ni stori ya siku nyingine.

Kwa nini kwanza wamuue? Kwa sababu kulungu akipewa nafasi anazaa mbaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa karibu kuisha Marekani, walibaki laki chache tu juu ya uwindaji wa kibiashara. Leo wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30. Jike mzima aliyeshiba kwa kawaida huzaa mapacha. Mwaka wa 1928 huko Michigan, kulungu 6 waliwekwa ndani ya shamba lenye ua, ekari kama 1,200. Jike 4, dume 2. Baada ya kama miaka 6 walipohesabiwa walikuwa 160. Cheki tena hiyo namba.

Sasa hao 160 wanakula nini? Wanaanza na miche ya miti, maua, vichaka, kila kitu kinachofika mdomoni. Msitu uliojaa kulungu unaujua kwa macho: chini ni peupe kama umefagiwa, majani yanaanzia pale shingo zao zinapofika mwisho. Ndege wanaojenga viota chini wanahama. Miti mizee inakufa na hakuna michanga ya kuingia. Na barabarani ni balaa, kampuni za bima huko hukadiria zaidi ya ajali milioni moja za magari na wanyama kila mwaka, nyingi zikiwa za kulungu. Binamu yangu ako Minnesota, anaendesha teksi. Alishagonga mmoja saa kumi na moja asubuhi, gari likaenda, yeye akabaki. Tangu hiyo siku huwezi mwambia kitu kuhusu Bambi.

Kwa hivyo usimamizi unaanza na jambo ambalo wawindaji wageni hulikataa: kupiga jike. Kila mtu anataka dume la pembe kubwa apige picha. Lakini idadi inaamuliwa na jike. Ukiua dume kumi na uache jike wote, mwaka ujao umerudi palepale, kwa sababu dume mmoja anatosha jike kadhaa. Wenye mashamba wajanja huacha madume wadogo wapite hadi wafike miaka mitatu minne, na wanatoa jike kulingana na ardhi inavyobeba. Ikibeba vizuri, waliobaki wananona. Ikizidiwa, wote wanakonda hata ukipanda klova hadi mlangoni.

Sasa turudi kwa wale wanaomla kulungu kabla yako.

Zamani jibu lilikuwa rahisi: ua wote. Kaskazini mwa Grand Canyon, Arizona, kuna uwanda unaitwa Kaibab. Mwaka wa 1906 Rais Theodore Roosevelt aliutangaza kuwa hifadhi ya kulungu. Uwindaji ukafungwa, na watu wa serikali wakaanza kusafisha wadudu, kama walivyowaita. Puma mamia, koyoti maelfu, mbwa mwitu wakaisha kabisa. Kulungu wakaongezeka, wakala kila kitu, halafu majira ya baridi ya katikati ya miaka ya 1920 yakaja na wakafa njaa kwa maelfu. Wakati huo ilisemwa walifika laki moja. Wataalamu wa baadaye waliipinga hiyo hesabu, wakasema pia kuondolewa kwa kondoo na ng'ombe kulichangia. Sawa. Lakini hakuna anayebisha kwamba wale kulungu walikufa njaa.

Mmoja wa walioiangalia hiyo stori ni Aldo Leopold. Akiwa kijana wa misitu huko kusini magharibi alikuwa mbogi moja na wale wa kuua mbwa mwitu, akiamini mbwa mwitu wakipungua kulungu watazidi na mwindaji atakula raha. Baadaye aligeuka, akaandika kwamba mlima usio na mbwa mwitu unaliwa na kulungu wake hadi unakufa. Huyo si mtu wa kuchukia uwindaji, aliwinda maisha yake yote, na kitabu chake cha 1933 kuhusu kusimamia wanyama wa kuwindwa ndicho kilianzisha hiyo taaluma.

Sasa koyoti. Huyu ni kama mbweha wetu akienda gym. Asili yake ni magharibi na katikati ya Marekani, lakini mbwa mwitu walipomalizwa mashariki, nafasi ikabaki wazi naye akaingia polepole. South Carolina alifika mwishoni mwa miaka ya 1970. Na wawindaji wakaanza kulia kwamba watoto wa kulungu hawaonekani.

Hawakuwa wanaongea tu. Huko huko South Carolina, kwenye ardhi ya serikali inayoitwa Savannah River Site, watafiti walivisha watoto wa kulungu 91 kola za redio kati ya 2006 na 2009. Chini ya robo walifika wiki 16. Koyoti ndio waliongoza kwa kuwaua. Kwa hivyo mzee wa trekta akikuambia koyoti wanamla hasara, anasema ukweli.

Basi watafiti wakafanya kile kila mtu alikuwa anataka. Walileta watega mitego, na kwa miaka mitatu, 2010 hadi 2012, wakatoa koyoti 474. Mwaka wa kwanza ilikuwa sherehe, karibu nusu ya watoto walipona. Mwaka wa pili, na koyoti bado wanatolewa, ikashuka hadi kama asilimia 20, yaani pale pale walipoanzia. Mwaka wa tatu ikapanda tena kama asilimia 43. Kazi yote hiyo, gharama yote hiyo, na matokeo ni kama kurusha shilingi.

Ni hivi. Koyoti hana title deed. Ukitoa walioko, wa jirani wanaona kuna keja wazi, wanahamia, wengi wakiwa vijana wasio na kwao. Labda utege kila mwaka, kabla tu ya watoto kuzaliwa, milele. Wale watafiti wenyewe walimalizia kwa kusema kwamba mara nyingi ni afadhali kupunguza idadi ya jike unaopiga kuliko kupambana na koyoti.

Halafu kuna kitu kingine ambacho mimi ndicho kilinishangaza zaidi. Mtoto wa kulungu wiki zake za kwanza hakimbii. Analala chini, madoadoa yake yanafanana na mwanga unaopita kwenye majani, na hana harufu nyingi. Mama anakaa mbali ili asimchome, anakuja kunyonyesha, hata kinyesi cha mtoto anakila kisivute adui. Mpango wote huo unahitaji kitu kimoja: nyasi ndefu na vichaka. Kama shamba lako umelifyeka likang'aa kama uwanja wa Kasarani, umebakisha vijistripu viwili vya kichaka, koyoti hana haja ya kutafuta. Anapita stripu mbili, anakula, anaenda.

Ndiyo maana wenye akili hawafyeki Mei na Juni. Wanakata miti kadhaa ili jua lifike chini, wanachoma vipande vya msitu kwa moto wa kupangwa ili vichaka viote upya, na wanatawanya chakula na maficho kote badala ya kuweka shamba moja zuri katikati. Ukifikiria ni kama ile stori ya Richard Turere, kijana aliyekulia kando ya Nairobi National Park. Simba walikuwa wanakula ng'ombe wa kwao. Badala ya kumfuata simba, alifunga taa zinazomulika zikizunguka boma, akitumia betri ya gari na kidude cha indiketa ya pikipiki. Simba wakakaa mbali. 2013 alikuwa TED anaelezea.

Kitu ambacho hata vichaka havirekebishi ni ile tabia ya kumwaga mahindi mahali pamoja. Kulungu wote wanaweka pua kwenye rundo moja, na huko kuna ugonjwa unaitwa CWD, unaoharibu ubongo, uligunduliwa Colorado mwaka wa 1967, hauna dawa wala chanjo. Majimbo mengi yamepiga marufuku hayo marundo sehemu zenye ugonjwa. Na bado kuna wasee wanamwaga usiku.

Juzi yule binamu wa Minnesota alinitext. Rafiki wa kazini amemkaribisha kwa shamba la familia yao, na kibali alichopata ni cha jike. Anauliza kama si dhambi kumpiga mama. Nilimwambia aombe kwanza picha za kamera zao za Agosti na Septemba, ahesabu kila jike amefuatwa na watoto wangapi. Kama ni mmoja na zaidi, apige na aniletee nyama kavu. Kama majike wanatembea pekee yao picha baada ya picha, abaki kwa mti na chai yake aangalie tu.

Bado anahesabu.