Kanga wa Nzilo

Karibu na Kolwezi mto Lualaba umezibwa kwa ukuta mkubwa, na maji yake yamejaa hata kuwa ziwa. Hilo ndilo Ziwa la Nzilo. Nchi iliyo kando yake ni ya miti ya miombo na mbuga za majani marefu. Huko ndiko kwao kanga.

Kanga ni mkubwa kama kuku. Manyoya yake ni ya kijivu cheusi, yenye madoa meupe mengi, kana kwamba amenyunyiziwa chokaa. Lakini kichwa chake ni kitupu. Ngozi ni ya buluu, na kando ya mdomo huning'inia vipande viwili vya nyama vyenye wekundu. Utosini ana pembe fupi ya mfupa, mfano wa kofia. Uso wake si mzuri, ila vazi lake halina kifani.

Mabawa anayo, tena yana nguvu, lakini hutumaini miguu zaidi. Akimwona mwindaji hukimbia majanini. Akisongwa sana ndipo huruka kwa kishindo, akatua mbele kidogo na kukimbia tena. Jioni tu hupanda mtini kulala, maana usiku mbweha na paka-mwitu hutembea chini.

Wakati wa kiangazi kanga hukaa makundi, 20 au 30 pamoja. Asubuhi hushuka majini wakifuatana mmoja nyuma ya mwenzake. Wengine wakiparua, yuko aliyeinua kichwa. Akiona tai au mbwa hupiga kelele kali, na kundi zima hutoweka.

Wakulima humlaumu kanga, wala si bure, maana hufukua mahindi yaliyopandwa jana. Lakini hula pia panzi, mchwa, kupe, mbegu za magugu na viazi vidogo vya ndago, gugu lile linalochosha jembe. Basi mkulima amfukuzaye wakati wa kupanda hupaliliwa naye siku nyingine bila malipo.

Mvua zikianza, kundi huachana, wakaenda wawili wawili. Jike hukwaruza shimo dogo chini ya majani, hutaga mayai 6 hata 12, na kuatamia siku 26 hata 28. Watoto wakitoka, baba naye huwalinda. Mwenyezi Mungu amewavika watoto hao rangi ya majani makavu, wakitulia huwaoni.

Lakini majani yakiwa yameteketea, jike atajificha wapi? Moto uwashwao mapema, majani yangali mabichi kidogo, huacha vichaka huku na huku. Moto wa Septemba hauachi kitu. Na palipobaki kichaka, huja watoto wa kijiji na kikapu, wakachukua mayai yote. Mwaka ule pale hapatoki kanga mdogo hata mmoja, isipokuwa mama ataga tena.

Wako wanaoyaweka mayai hayo chini ya kuku. Kuku amezoea siku 21, lakini akiwa mvumilivu huongeza juma zima, akaangua. Watoto humfuata kama mama yao, wakila naye uani. Kisha jioni moja, mabawa yakiisha kupata nguvu, wote hupaa juu ya mti, na kuku hubaki chini akiwaita.