Kabla ya Kumlenga Ayala

Humu nchini uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku mnamo 1977. Lakini Mkenya akihamia Wisconsin, Marekani, atakuta kila Novemba jamaa nzima zikielekea msituni kwa siku tisa kuwinda ayala wa mkia mweupe kwa bunduki. (Msimchanganye na kulungu wetu: pembe za dume huyu zina matawi, nazo huanguka kila mwaka zikaota nyingine.)

Anayeanza hakimbilii bunduki. Kwa kawaida, aliyezaliwa 1973 au baadaye sharti asomee usalama ndipo auziwe leseni. Hufunzwa kwamba kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwa mtu, na kidole kikae mbali na kifyatulio. Tena aijue shabaha yake na kilicho nyuma yake. Hilo ndilo zito, maana kichaka kinachotikisika alfajiri huenda kikawa baba ya mtu. Ndiyo sababu wengi huvaa jaketi la rangi ya chungwa inayong'aa, rangi ambayo ayala haitambui vyema.

Pua yake lakini haidanganyiki. Keti upepo ukikupiga usoni, utulie, ungoje akugeuzie ubavu, kisha ulenge nyuma ya bega, penye moyo na mapafu. Akikimbia, mwache! Risasi ya kubahatisha humvunja mguu tu, akafie mbali kwa mateso.

Akianguka, mtoe matumbo upesi nyama isiharibike. Na kwa kuwa ugonjwa hatari wa ubongo uligunduliwa kwa ayala wa huko mwaka wa 2002, peleka kichwa kikapimwe kabla hujabandika sufuria.