Mvua ya Kahororo na Majamvi Yetu

Ndugu wanachama, kila mwenye mikarafuu aijua hasara ya jamvi lililorowa. Karafuu ikinyeshewa kabla ya kukauka huchacha na kupoteza rangi, na mbele ya mizani daraja lake hushuka. Basi twauliza: mvua yetu hupimwa wapi?

Tuwatazame wenzetu wa Kahororo, mjini Bukoba, ambako kahawa huanikwa juani kama karafuu zetu. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Viktoria, mawingu hupanda, kisha husukumwa magharibi. Ndiyo sababu Bukoba hunyesha sana alfajiri. Mvua yake hufika kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Ukienda Karagwe, mkoa ule ule, utakuta karibu nusu tu. Kipimo cha Bukoba, basi, hakiwezi kumsemea mkulima wa Karagwe.

Dawa yake ni vipimo vingi. Shirika la TAHMO, lililoasisiwa na Bwana Nick van de Giesen wa Uholanzi na Bwana John Selker wa Marekani, limenuia vituo 20,000 Afrika kusini ya Sahara, kimoja kila kilomita 30. Vilivyokwisha simama ni mamia tu, vingine Kenya na Uganda. Kituo ni mlingoti wenye chombo kidogo kipimacho mvua, upepo, jua, joto na unyevu. Nguvu yake hutoka kwa jua, na hesabu huzipeleka kwa njia ya simu. Hakina kigurudumu cha kukwama.

Tabu iko katika kutunza. Buibui akijenga ndani ya faneli, chombo chaandika ukavu na huku watu wanarowa. Kwa hiyo hesabu za kila kituo hulinganishwa na za jirani zake. Kimoja kikitofautiana na wote, hutazamwa kina nini. Na ndiyo maana vingi vimewekwa maskulini, penye uzio na mtu wa kuvisafisha.

Sisi twaona chama kiombe kituo karibu na mashamba yetu, kwa shauri la Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wako wasemao afadhali tununue maturubai, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwani kituo hakitabiri kitu. Huwapa watabiri hesabu tu. Tutalijadili mkutano ujao. Mwenye kiwanja cha wazi, mbali na minazi, na kijana mwenye subira wa kufuta faneli kila wiki, alete jina ofisini.