Sifa za Namba 9,007,199,254,740,992 na Usalama wa Namba za Utambulisho

1.0 Utangulizi
Makala haya yanafafanua sifa za kihisabati za namba nzima 9,007,199,254,740,992, na kueleza kwa nini sifa hizo zinawahusu wapangaji wa mifumo ya utambulisho wa raia katika Afrika Mashariki.

2.0 Sifa za Namba Hii
Namba hii yenye tarakimu 16 ni 2 kwa kipeo cha 53. Kwa kuwa kigawo chake tasa ni 2 peke yake, ina vigawo 54: 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi namba yenyewe. Jumla ya vigawo hivyo ni 18,014,398,509,481,983, yaani pungufu kwa 1 tu ya namba hiyo ikizidishwa mara mbili.

Umuhimu wake katika kompyuta unatokana na kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985. Kiwango hicho huwezesha namba za desimali kuhifadhiwa katika biti 64, kwa usahihi wa biti 53. Hadi kufikia namba tunayoijadili, kila namba nzima ina nafasi yake. Inayofuata, inayoishia na 993, haina nafasi. Kompyuta huikadiria na kuirudisha kwenye 992. Kuanzia hapo ni namba shufwa pekee zinazohifadhika. Zaidi ya 2 kwa kipeo cha 54 ni vigawe vya 4, kisha vya 8, na pengo huzidi kupanuka.

3.0 Athari kwa Utambulisho
Namba ya kitambulisho cha raia wa Rwanda ina tarakimu 16 na huanza na 1. Kwa hiyo haivuki mpaka huo. Hata hivyo, programu ya Excel huhifadhi tarakimu 15 tu, na ya 16 hugeuzwa kuwa 0.

Namba ya NIDA ya Tanzania ina tarakimu 20, na huanza na mwaka wa kuzaliwa. Kwa mtu aliyezaliwa mwaka 1990, thamani yake huzidi 18,446,744,073,709,551,616, yaani 2 kwa kipeo cha 64. Hivyo haienei hata katika namba nzima ya biti 64. Ikihifadhiwa kwa njia ya desimali iliyotajwa, namba zinazohifadhika hupishana kwa 4,096. Watu wawili waliozaliwa siku moja, ambao namba zao zinakaribiana, wanaweza kusomeka kama mtu mmoja, na mmoja wao akakosa haki yake pasipo kompyuta kutoa onyo lolote.

4.0 Hitimisho
Namba ya utambulisho ni jina lililoandikwa kwa tarakimu: haijumlishwi wala haizidishwi. Inapendekezwa kwamba mikataba ya kubadilishana taarifa baina ya nchi zetu itamke wazi kuwa namba hizo zihifadhiwe na kusafirishwa kama matini. Sharti hilo ni jepesi likiwekwa mwanzoni. Tarakimu zikishapotea, hakuna hesabu inayoweza kuzirejesha.