Cheti cha Usalama Kazini: Mfano kutoka Sumbawanga

Wako wanachama waliotuuliza maana ya cheti cha usalama kazini, na kama mwenye ghala dogo la karafuu yampasa kukitafuta. Tumeona tulieleze jambo hili kwa mfano wa mbali kidogo: mashine ya kusaga mahindi na ghala lake huko Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Mji ule uko kama meta 1,800 juu ya bahari, nako hakuna mikarafuu. Kuna mahindi na baridi. Lakini hatari za ghala ni zile zile: vumbi, magunia mazito na dawa ya wadudu.

Kwanza tutenge mambo mawili. Sheria ni lazima. Bara iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Nambari 5 ya 2003, ambayo kwayo mwenye mashine huandikisha mahali pake pa kazi kwa wakala wa serikali, OSHA. Zanzibar tunayo yetu, Nambari 8 ya 2005. Cheti cha kimataifa ni hiari. Kiwango chake ni ISO 45001, kilichotolewa Machi 2018 kikashika nafasi ya OHSAS 18001. Shirika la ISO, lililoko Geneva, huandika kiwango tu, halimpi mtu cheti. Watoao ni kampani za ukaguzi, nazo hulipwa. Cheti hudumu miaka mitatu, na kila mwaka hurudi kutazama. Akuambiaye kuwa cheti chakuondolea wajibu wa sheria, usimsikilize.

Kiwango chataka nini hasa? Chataka hatari itafutwe kabla haijaumiza. Tuchukue vile vidonge vya dawa vitiwavyo ghalani. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini, ambayo huua wadudu na huua watu pia, na harufu yake si ya kutegemea. Wengi wetu tungekimbilia kumfunga mtu kitambaa puani. Kitambaa hakizuii gesi hata kidogo. Kiwango chaanza kwingine: je, dawa yaweza kuachwa, mahindi yakaushwe vyema na kutiwa katika mifuko isiyopitisha hewa? Ikiwa haiwezekani, ghala lizibwe, liwe mbali na vyumba vya kulala, na mlango ufungwe mpaka hewa ipimwe. Vifaa vya kuvaa huja mwisho.

Watu husema jina Sumbawanga, kwa Kifipa, maana yake ni kutupa uchawi. Ajali ikitokea, wapo watakaouliza nani kamroga, na sisi wa visiwani hatuna haki ya kuwacheka. Mkaguzi huuliza mkanda upi wa mashine haukuwa na kinga, na nani aliujua akanyamaza. Kwa hiyo kiwango chataka wachukuzi na wasagaji washirikishwe, wala asifukuzwe mtu kwa kutaja hatari.

Mwenye ghala dogo hana haja ya kununua cheti, isipokuwa mnunuzi wake amekidai. Utaratibu wenyewe aweza kuufuata bure. Kila mwanachama atumiaye vidonge hivyo na amwarifu Katibu kabla ya msimu wa kuchuma, aseme pia kama kuna watu walalao jirani na ghala.