Maradhi ya Masika: Kazi ya Msalaba Mwekundu Kando ya Mto Tana

Kuna jambo moja kando ya Mto Tana ambalo mgeni hulistaajabia. Watu huweza kuamka asubuhi ya jua kali, mbingu hazina wingu, wala hapajanyesha mvua ya maana kwa juma zima, wakakuta mto umepita kingo zake na maji yamekwisha kuingia mashambani. Mvua hiyo haikunyesha Hola wala Garsen. Ilinyesha mbali sana, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Ikateremka kupitia mabwawa ya Masinga na Kiambere, ikapita Garissa, na baada ya siku kadhaa ikawafikia wakulima wa ndizi, maembe na mpunga walio karibu na bahari. Safari ya mto huo ni ya kilomita 1,000 hivi, nao ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya.

Jambo hilo lina heri ndani yake, na pia lina hatari. Heri ni kwamba mafuriko ya Tana hutanguliza habari zake. Hatari ni kwamba yakishafika, hukata njia. Mwezi wa Novemba 2023, barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Garissa ilifunikwa na maji karibu na Madogo, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalirudi pale pale, na mashua moja iliyokuwa ikivusha abiria ikapinduka, watu kadhaa wakafa maji.

Basi na tufikiri. Mgonjwa ambaye hospitali yake iko ng'ambo ya maji ana tofauti gani na mgonjwa asiye na hospitali kabisa? Daktari yupo, dawa zipo, walakini mto uko katikati. Kwa hiyo wakati wa masika, yaani kuanzia Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, uzima wa watu wengi hautegemei tu yale yaliyo hospitalini. Hutegemea zaidi yale yaliyokwisha kuwekwa upande wao wa mto kabla ya tone la kwanza: maarifa, chandarua, maji safi, na jirani aliyefundishwa. Hiyo ndiyo kazi ambayo Chama cha Msalaba Mwekundu kimejitwika katika nchi hiyo.

CHAMA NA WATU WAKE

Asili ya Msalaba Mwekundu ni vita. Mwaka 1859 Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva, alifika Solferino katika Italia jioni ya siku ya mapigano makubwa, akaona maelfu ya majeruhi wamelala pasipo mwangalizi. Aliwakusanya watu wa vijiji vya jirani, wake kwa waume, wakawahudumia wote bila kuuliza ni wa jeshi gani. Mwaka 1863 chama kikaundwa Geneva. Tukumbuke kwamba kazi hiyo haikuanzwa na madaktari wengi wenye vifaa vingi; ilianzwa na watu wa kawaida waliokuwa karibu.

Kenya ilikuwa na tawi la chama cha Uingereza tangu mwaka 1939. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria mwezi wa Desemba 1965, na Kenya ikawa na Chama chake yenyewe cha Msalaba Mwekundu. Nguvu ya chama hicho ni watu waliojitolea: mwalimu, mwenye duka, kijana aliyemaliza shule, mama mkulima. Hao hawaji kutoka mbali mafuriko yanapotokea, kwa maana wao wenyewe wamo ndani ya mafuriko hayo. Mara nyingine yule anayewaonyesha wenzake mahali pa kupiga hema ameacha nyumba yake mwenyewe imejaa maji hadi dirishani.

KIPINDUPINDU HAKINGOJI

Maradhi ya masika hayaji yote kwa siku moja. Yana mpangilio wake, na anayeujua mpangilio huo amepata nusu ya ushindi.

Ya kwanza kufika ni maradhi ya tumbo, na mkubwa wao ni kipindupindu. Maji ya mafuriko huingia vyooni, yakatoka humo na kuingia visimani na mtoni, na watu wakateka maji yale yale ya kunywa. Tangu uchafu huo uingie mwilini mpaka mtu aanze kuharisha huweza kupita saa chache tu, au siku mbili tatu, au tano. Kisha mwili humwaga maji kwa kasi ya kutisha. Mtu mzima mwenye nguvu, asipopata tiba, huweza kufa siku hiyo hiyo.

Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971. Mwaka huo huo, huko India, jambo kubwa lilitokea ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Wakimbizi wa vita vya Bangladesh walijaa katika makambi ya mpakani, na kipindupindu kikawashika. Mahali paitwapo Bangaon, daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, aliishiwa na maji ya kutia katika mishipa. Akachanganya sukari ya glukosi, chumvi na magadi katika maji safi, akawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilikuwa vimefika kama watu 30 katika kila wagonjwa 100. Vikashuka hadi chini ya 4. Walioshika vikombe hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa ni mama, baba, kaka na dada.

Dawa hiyo leo hupatikana kwa pakiti katika zahanati na maduka, nayo yafaa iwekwe nyumbani mapema. Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi, kwa maana chumvi nyingi humdhuru mtoto. Onja kwanza, isiwe kali kuliko machozi. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, na umwongeze kila anapoharisha. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole. Mtoto anyonyaye asikatazwe ziwa. Huku ukimnywesha, tafuta njia ya kumfikisha kwa mganga. Usingoje kuona kama atapona mwenyewe.

Katika mlipuko ulioanza Oktoba 2022 na kuendelea mwaka 2023, zaidi ya watu 12,000 waliugua kipindupindu katika Kenya, na zaidi ya 200 wakafa. Garissa na Tana River zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatwa. Moja ya kazi za watu wa Msalaba Mwekundu ilikuwa kuweka vituo vidogo vya kuwanyweshea wagonjwa papo hapo vijijini, ili mtu asife njiani. Ni fundisho lile lile la Bangaon.

MALARIA HUFUATA MAJI YAKITULIA

Mto ukianza kupungua, watu hushukuru na kudhani mambo yamekwisha. Hapo ndipo adui wa pili anapojiandaa. Maji ya mafuriko yaendayo kasi hayampendezi mbu wa malaria. Yeye hupenda madimbwi yaliyobaki, maji yaliyotulia juani. Yai lake huwa mbu kamili kwa muda wa juma moja hadi mawili. Kisha mbu huyo hana budi kumwuma mgonjwa, vijidudu vikomae ndani yake, naye amwume mwingine. Ndiyo sababu homa huongezeka majuma kadhaa baada ya mvua, wakati mahema yamekwisha kukunjwa na magari ya misaada yamekwenda zake.

Kwa hiyo anayehama apande na chandarua chake. Wengi hukumbuka sufuria na godoro, chandarua wakakiacha kimening'inia. Kadhalika, mtoto akipata homa, apimwe damu siku ile ile au kesho yake. Ile klorokwini ambayo wazee wanaikumbuka iliachwa na serikali mwaka 1998 kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimeizoea, na tangu mwaka 2004 iliamuliwa kwamba malaria ya kawaida itibiwe kwa dawa mseto. Dawa hiyo imezwe yote hadi mwisho. Isigawanywe kati ya watoto wawili, wala isihifadhiwe kwa homa nyingine. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya wa vijijini, zaidi ya 100,000 katika nchi nzima. Mjue wa kwenu ni nani, na nyumba yake iko wapi, kabla ya usiku wa homa.

HOMA YA BONDE LA UFA

Adui wa tatu haji kila mwaka, lakini akija hasahauliki, hasa na wafugaji. Ni homa ya Bonde la Ufa, iliyogunduliwa na wataalamu mwaka 1930 katika kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Mayai ya mbu wanaoieneza huweza kulala katika udongo mkavu kwa miaka mingi, yakingojea mafuriko makubwa. Maji yakikaa juu ya ardhi kwa muda mrefu, mayai hayo huamka, na mbu wengine huzaliwa tayari wana ugonjwa.

Hivyo ndivyo ilivyotokea baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1997, Garissa na kusini mwa Somalia, ambako mamia ya watu walikufa. Ilitokea tena kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006, na zaidi ya watu 150 wakafa katika Kenya kabla haijatulia mwaka 2007. Serikali ilizuia uchinjaji na usafirishaji wa mifugo katika sehemu zilizopatwa, na mfugaji aliyekuwa na ng'ombe 50 akakosa hata fedha ya unga.

Dalili za kwanza huonekana zizini. Mifugo wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, na ndama na wana-kondoo wakifa, hiyo ni kengele. Usiguse mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Usichinje mnyama mgonjwa, wala usile nyama ya mzoga. Chemsha maziwa. Mpashe habari mganga wa mifugo na chifu siku hiyo hiyo. Walakini kinga iliyo kubwa ni chanjo ya mifugo, nayo ina sharti moja gumu: hutolewa kabla ya ugonjwa kuingia. Ukishaingia, sindano ile ile ikipita kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine huweza kuueneza. Hapa pia, aliyechelewa amechelewa.

GHARAMA YA MASHAURI MEMA

Ni rahisi kuandika gazetini kwamba watu wachemshe maji na wahamie mahali pa juu. Tusiwe wepesi wa kulaumu. Kuchemsha maji kunataka kuni kavu, na wakati wa mafuriko kila ukuni umelowa. Kuhama kunamaanisha kuacha shamba, na shamba la kando ya Tana si shamba tu. Tope liletwalo na mto ndilo mbolea yake. Mto unaofukuza watu ndio huo huo unaowalisha. Mzee asemaye kwamba hatoki hana ujinga. Amepima hasara mbili, akachagua ile anayoijua.

Hata hivyo, gharama hizo hupungua sana zikilipwa mapema. Mzigo wa kuni uliowekwa darini mwezi wa Februari ni kitu kidogo; mwezi wa Mei ni uhai. Vidonge vya kutakasa maji havina uzito wa kumchosha mtoto. Wazee wa kijiji wakikubaliana siku ya kiangazi kwamba watu watahamia kilima fulani, choo kichimbwe hapo kwanza, na mama wajawazito watangulizwe karibu na hospitali kabla ya njia kukatika, basi habari ikija kwamba Masinga imejaa, hapatakuwa na mabishano. Na wanaohamia mahali pakavu wakumbuke kwamba nyoka nao wanapatafuta. Watoto wasilale chini pasipo taa kumulika kwanza.

Watu wa Msalaba Mwekundu huzunguka nyumba kwa nyumba wakiyasema mambo haya wakati jua linawaka, na wapo wanaowacheka. Mwenye kuziba nyufa za paa wakati wa kiangazi huonekana hana kazi. Ndugu msomaji, mtu wa namna hiyo akibisha hodi kwako, mkaribishe, mpe kiti na maji ya kunywa. Msikilize mpaka amalize, kisha mwulize kama lipo kundi la mafunzo ambalo wewe au mwanao mwaweza kujiunga nalo. Mvua za milimani zitanyesha kwa wakati wake, na mto utapanda tena. Siku hiyo hatujui daktari atakuwa upande gani, lakini jirani tunajua: atakuwa upande wetu. Inafaa awe amefundishwa.