Ajira ya Wapishi Busia na Tororo

Ajira ya wapishi wa hoteli katika miji pacha ya Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na wilaya ya Tororo, uliko mji wa mpakani wa Malaba, hutegemea sana malori yatokayo bandari ya Mombasa kuelekea Kampala, kwa kuwa madereva na utingo ni wateja wakubwa wa migahawa ya barabarani. Tangu kizinduliwe rasmi Busia mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani, yaani mahali ambapo maofisa wa nchi zote mbili humhudumia msafiri chini ya paa moja, foleni zimepungua na madereva hawasubiri sana, hivyo mpishi anayetafutwa ni yule anayepakua upesi ugali kwa sukuma wiki, matoke kwa mchuzi wa njugu, au roleksi, ambayo ni chapati iliyoviringishiwa mayai. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini kila nchi iliorodhesha kazi ilizozifungua. Kwa hiyo anayetaka ajira ya kudumu ng'ambo huhitaji kibali cha kazi na, upande wa Kenya, cheti cha afya cha wahudumu wa chakula.